Gari Lililokataa Kuzimika

Wewe uliyenisoma wiki tatu zilizopita unaweza kuruka aya hizi za mwanzo. Uliyenikuta leo, kaa kidogo, ujue ni mjinga wa aina gani anayezungumza nawe.

Naitwa Stamen Kehayov. Niliendesha lori la magogo katika milima ya Rodopi miaka kumi na tisa, mpaka kampuni ikafungwa. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikimtazama mke wangu Rumyana akienda kazini. Halafu nikapata riziki mpya: kuwabeba wagonjwa wa figo kutoka vijiji vya juu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hadi hospitali ya mjini, wakasafishwe damu kwa mashine. Nilitumia gari langu mwenyewe, wagoni ya dizeli. Kuukuu, lakini halikuwa limenilaza njiani hata siku moja.

Wiki iliyopita niliishia pale Galin, mdogo wake Rumyana, alipochomeka waya chini ya usukani, akafungua kompyuta yake ya mapajani, na kabla sijamaliza kikombe cha pili cha kahawa akawa ameandika upya ramani ya injini yangu. Ramani ndiyo inayoiambia injini imwage dizeli kiasi gani na ivute hewa kwa nguvu gani. Gari liliingia kwake na nguvu za farasi mia na arobaini. Likatoka, kwa kauli yake, na mia na tisini.

Rumyana alinikataza. "Hilo gari ndilo linalotulisha," alisema. "Mtu hachezi na jungu lililoko motoni."

Nilimwambia nafanya kwa ajili ya wagonjwa, wasichoke njiani. Nilimdanganya. Nilifanya kwa ajili ya Manol.

Manol anabeba wagonjwa wa upande wa pili wa bonde kwa basi lake dogo jeupe. Kila asubuhi alikuwa ananipita kwenye mlima, anashusha kioo, anapayuka mbele ya wazee wangu: "Stamen! Kwa mwendo huo utafika Krismasi!"

Na wazee wangu walikuwa wanacheka. Hicho ndicho kilichonichoma.

Basi. Sasa tuendelee.

*

Mwezi wa kwanza baada ya kazi ya Galin nilikuwa mfalme.

Gari lilipanda mlima kama mbuzi aliyeona chumvi. Mwalimu Tsonka, aliyenifundisha hesabu darasa la nne, alikuwa anakaa mbele kwa sababu ya miguu yake. Nyuma alikaa Mzee Rufat, dereva wa trekta wa zamani, mtu wa mzaha hata akiwa na homa.

"Stamen, umelinywesha pombe ya rakia nini?" Rufat aliuliza siku ya kwanza.

"Dizeli tu, Mzee."

"Basi niagizie na mimi. Figo zangu zimekataa kila kitu kingine."

Siku hiyo nilimpita Manol kwenye kona ya tatu. Nilipunga vidole viwili tu, kama padri anayebariki. Nilimpita Jumatano. Nikampita Ijumaa. Nikampita wiki nne mfululizo, na kila mara nilihisi nimerudishiwa kitu nilichonyang'anywa siku kampuni ilipofungwa.

Wiki ya tano, nikiwa katikati ya mlima, nilikanyaga. Sauti ya injini ikapanda. Gari halikupanda.

Ilikuwa dakika moja tu, halafu likashika. Lakini ndani kukanuka kama kucha zinazoungua.

"Nini hicho?" Mwalimu akauliza.

"Breki za lori lililo mbele."

Hapakuwa na lori mbele.

*

Fundi Minko ana karakana nyuma ya kiwanda cha mbao. Ni mtu asiyependa maneno. Aliliendesha gari hadi njia panda na kurudi, akafungua boneti, akachomoa bomba la hewa linalotoka kwenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa, akapitisha kidole ndani. Kidole kikatoka cheusi, kinang'aa oili.

"Nani amelishika?"

"Galin."

"Ahaa." Akajifuta kidole. "Alipima nini kabla?"

"Alipima vipi?"

"Aliangalia tabo? Nozeli? Aliliweka kwenye mashine ya kupimia nguvu? Alitazama moshi?"

"Alikunywa kahawa."

Minko hakucheka.

"Sikia, Stamen. Mimi sisemi ramani ni dhambi. Kuna watu wanaijua kazi hiyo. Injini changa, nzima, mtu akiipima akaiongezea kidogo, inaweza kukaa miaka. Hii yako ina kilomita karibu laki tatu. Kiwanda kiliiwekea akiba ya nguvu, iwe nayo uzeeni. Galin amekupa akiba yote uile mwezi mmoja. Klachi inateleza kwa sababu haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Tabo inazunguka kupita uwezo wake, imeanza kuvujisha oili."

"Nifanye nini?"

"Rudisha ramani ya kiwandani leo. Halafu uniletee hapa nibadilishe klachi na tabo. Na mpaka hapo, usipande mlima."

"Wagonjwa je?"

"Manol ana viti."

Angetaja jina lingine lolote, ningemsikiliza.

*

Nilikwenda kwa Galin mchana uleule. Nilimkuta amelala chini ya gari la mtu mwingine, redio inapiga kelele.

"Galin, nirudishie ile ya zamani."

"Ipi, shemeji?"

"Ramani ya kiwandani."

Akatoka taratibu. Akakuna sikio.

"Sikuihifadhi."

"Hukuihifadhi?"

"Kompyuta ilikuwa imejaa, shemeji. Nilidhani utaipenda hii."

"Na hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mtandao. Jamaa mmoja ana injini kama yako. Mwaka karibu uleule."

"Karibu?"

"Shemeji, unakuja kwangu kama polisi! Gari linakimbia au halikimbii?"

Wakati tunabishana taa ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini. Galin akaitazama, akatabasamu. Hatimaye alikuwa amepata jambo analoliweza.

"Hiyo nakuzimia sasa hivi."

Akachomeka waya, akabonyezabonyeza. Taa ikazimika. Nikamshukuru. Jamani, nikamshukuru!

Kuanzia hapo nilikuwa naongeza oili kila wiki. Chupa niliificha chini ya tairi la akiba ili Rumyana asiione. Nilimficha mke wangu chupa kama mlevi, na sikuwa nimeonja hata tone.

*

Jumanne, Manol alinipigia simu.

"Stamen, nasikia gari linaumwa."

"Nani kasema?"

"Nimekuwa nyuma yako siku zote hizi, bwana. Ule moshi naula mimi. Nina viti viwili kesho. Niwachukue Mwalimu na Rufat?"

Aliongea kwa upole. Upole wake ndio ulionikera zaidi.

"Gari langu ni zima kukushinda wewe," nikamjibu, nikakata.

Mpaka leo, nikijiuliza ni lini hasa nilimuumiza Mzee Rufat, najibu: ni pale nilipokata simu ile.

*

Jumatano. Mwezi wa Aprili, theluji imebaki pembeni tu mwa barabara. Tuliondoka kijijini Zelen Dol saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu alikuwa na furaha, mjukuu wake amefaulu mtihani. Rufat alikuwa amevaa koti lake la ngozi ya kondoo, analalamika kwamba binti yake Aishe amemkatalia jibini.

"Chumvi, Baba. Chumvi, Baba. Nimezaa polisi mimi."

Kwenye kona ya pili nikaliona basi jeupe mbele yetu.

"Stamen," Mwalimu akasema, "hatuna haraka leo."

Nilikanyaga.

Klachi ikateleza, kisha ikashika kwa mshtuko. Tukawa ubavuni mwa Manol. Nikageuka ili anione. Hapo nikasikia mlio mwembamba mbele, kama filimbi, halafu kishindo kidogo, halafu kioo cha nyuma kikajaa moshi. Moshi wa buluu, mzito.

Niliondoa mguu.

Injini haikupungua. Ikapanda.

"Punguza!" Mwalimu akalia.

"Sijakanyaga!"

Nilizungusha ufunguo, nikauchomoa kabisa. Nilikuwa nimeushika mkononi, na injini inanguruma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika maisha yangu yote ya barabarani. Nililibana gari kwa breki hadi pembeni, kwenye kokoto. Lilisimama. Injini haikusimama.

"Tabo imekufa!" Rufat akapiga kelele nyuma yangu. "Inakunywa oili yake! Iue kwa gia! Tia ya tano, shika breki, achia klachi!"

Yeye aliwahi kuyaona hayo kwenye trekta. Nilitia ya tano. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikaachia klachi. Injini yenye klachi nzima ingekufa palepale.

Klachi yangu iliteleza tu. Ikaungua, ikanuka, na injini ikaendelea kupanda.

"Tokeni!" nikasema. "Tokeni!"

Nilimvuta Mwalimu Tsonka nje, nikamburuta hadi kwenye ukingo wa barabara. Hilo nililifanya, naomba lihesabiwe. Lakini nilipofika ukingoni sikurudi. Nilisimama nyuma ya chuma cha kuzuia magari, hatua ishirini, nikalitazama gari langu likitetemeka ndani ya wingu la buluu. Miguu ilinikataa.

Aliyekwenda kwenye boneti ni Mzee Rufat. Miaka sabini na moja. Figo hazina kazi. Alifungua boneti, akavua koti lake, akang'oa bomba la hewa na kulisukumia koti mdomoni.

Injini ikakohoa. Ikaanza kushuka. Niliona Rufat ananigeukia, uso mweusi kwa masizi, anacheka.

"Imekabwa hii mal..."

Chuma kikapasuka ndani. Kipande kikatoboa ubavu wa injini, kikamkata mkono.

Mkono wa kushoto, jamani. Ule ambao madaktari walikuwa wamemuunganishia mishipa ili mashine ipate pa kuchotea damu. Manesi huwa wanawaambia: mkono huo usibebe hata ndoo, usilalie, damu yake inakimbia mno.

Na ilikimbia. Iliruka.

"Stamen!" Mwalimu alipiga kelele ile ya darasani. "Mkanda wako! Funga mkono! Stamen!"

Nilimsikia. Naapa nilimsikia. Nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari, nautazama.

Aliyenipita mbio ni Manol. Alipiga magoti kwenye kokoto, akabana jeraha kwa vidole gumba vyote viwili, akamwambia Mwalimu aushike mkono juu, akamfunga mzee kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Kisha akanitazama mara moja tu.

"Mlango," akasema. "Nifungulie mlango wa basi, angalau."

Nilimfungulia mlango. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya siku ile.

*

Rufat hakufa. Daktari alitoka mchana, akasema damu imezuiwa, lakini mshipa wa mashine umeharibika, hautumiki tena. Wamemtia mrija shingoni kwa muda. Kama mkono wa pili utafaa kuunganishwa, itaonekana mbele ya safari. Na akasema kwa mtu wa umri wake mrija wa shingoni ni mlango wa maradhi, tumuombee.

Nilikuwa bado nimekaa ukumbini simu ilipolia. Rumyana.

"Rufat yu hai?"

"Yu hai."

"Mungu ashukuriwe." Akashusha sauti. "Galin yuko hapa. Analia."

"Mwache alie."

"Stamen, nisikilize. Polisi watakuja kukuuliza. Usimtaje."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Rumyana, si wewe uliyenikataza?"

"Nilikukataza kuchezea gari. Sikukutuma umpeleke mdogo wangu jela."

"Na mimi je?"

"Wewe gari lilikuwa lako. Gari bovu linaharibika, hakuna anayefungwa kwa hilo. Yeye hana leseni ya ile kazi, hana karatasi yoyote. Watamla. Mama hatavuka mwaka." Nikamsikia akifunga mlango. "Nimekaa na wewe mwaka mzima huna kazi, sikukuuliza kitu. Leo nakuomba hiki kimoja."

Inspekta alikuja saa tisa. Mtu mnene, mstaarabu, jina lake Yankov. Alikaa karibu nami, akafungua faili.

"Pole sana. Gari lina umri gani?"

Nikamwambia.

"Matengenezo?"

"Kwa wakati wake."

"Injini iliwahi kubadilishwa chochote? Kuongezwa nguvu, kuchezewa kompyuta?"

Mwalimu Tsonka alikuwa amekaa mbele yangu, anasubiri zamu yake ya mashine. Hakujua lolote kuhusu Galin. Lakini alinitazama vilevile alivyokuwa ananitazama nikinakili hesabu za jirani.

"Hapana," nikasema. "Haijawahi kuguswa."

"Andika hivyo, utie saini."

Nikaandika. Haijawahi kuguswa. Maneno mawili, na mwandiko mzuri kabisa, maana aliyenifundisha kuandika nadhifu alikuwa palepale.

*

Jioni, kabla jua halijazama, Aishe alikuja nyumbani kwangu. Binti wa Rufat ni fundi cherehani, ana maneno machache kama baba yake alivyo na mengi. Mkononi alikuwa na sufuria iliyofunikwa kitambaa.

"Kaka Stamen, nimekuletea patatnik. Viazi ni vya baba."

"Aishe, haikuwa lazima..."

"Manol ameniambia. Amesema nyinyi wawili ndio mliobana mkono wa baba, mpaka damu ikakoma." Akaanza kulia, akiwa amesimama wima. "Sina cha kukulipa."

Akanipa sufuria. Nikaipokea. Ilikuwa ya moto, ikaniunguza viganja, nikaendelea kuishika mpaka alipoondoka.

Nilimpigia Manol papo hapo.

"Kwa nini umemdanganya yule dada?"

"Ulitaka nimwambieje? Kwamba ulisimama kama mlingoti?" Hakuwa na hasira. "Mnaishi kijiji kimoja, Stamen. Mtakutana dukani mpaka mfe. Mtu anaweza kuganda. Hata mimi naweza kuganda siku moja."

Nikamwambia asante. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwambia Manol asante.

"Halafu nikuulize," akasema, na sauti ikashuka. "Baina yetu. Na wewe ulikwenda kwa Galin, siyo?"

Nikatoka uani.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi nilikwenda. Wiki mbili zilizopita. Ulikuwa unanipita kila siku, bwana, nikawa silali. Mke wangu hajui. Injini yangu na yako ni aina moja, au sivyo? Sasa linakwenda kama shetani, ila taa ikawaka juzi. Galin akaizima. Hakuna shida, eti?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema.

"Mimi langu halikuguswa," nikajibu.

"Ahaa," Manol akasema. "Basi vizuri. Nilitaka kujua tu, maana wagonjwa wako wote ni wangu sasa."

*

Alhamisi asubuhi Minko aliniita karakanani. Gari langu lilikuwa limevutwa hadi kwake. Ubavu wa injini ulikuwa na tundu linalopitisha ngumi.

"Tabo ilikufa, oili ikaingia kwenye hewa, injini ikajilisha yenyewe," akasema. "Hilo nililijua. Ila kuna jambo linanisumbua."

Akanionyesha kitu kwenye njia ya hewa, kibati cha duara kama sarafu kubwa.

"Huu ni mlango. Ukizima ufunguo unafunga hewa, injini inakata pumzi. Ungefunga, Rufat asingehitaji kuweka koti. Haukufunga. Nadhani ulikwama kwa masizi."

Akausukuma kwa kidole. Ukafunguka na kufungika, laini kabisa.

"Ajabu," Minko akasema. "Haujakwama."

Mimi nikakaa chini kwenye tairi. Taa ya chungwa. Ile aliyonizimia Galin, na mimi nikashukuru.

Nikatoka nje, nikampigia Galin.

"Ile taa uliyonizimia. Ilikuwa inalalamikia nini?"

"Shemeji, mimi nimelala vibaya, usini..."

"Galin!"

"Kimlango cha hewa. Kilikuwa kinasumbua, kwa hiyo nikaiambia kompyuta kwamba hakipo. Watu wote wanafanya hivyo."

"Na Manol?"

Akajifanya anakohoa.

"Na Manol ulimzimia nini?"

"Kilekile."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie asiliguse hilo basi."

"Nikimwambia Manol nimeuambia mji mzima. Atauliza nimejuaje. Watafungua la kwako." Akavuta makamasi. "Na wewe umeshasaini, shemeji. Umeandika kwa mkono wako haijaguswa. Tuko chungu kimoja sasa, mimi na wewe."

Alhamisi hiyo nilimpigia Manol mara sita. Mara zote sita nilikata kabla hajapokea. Mara ya saba akanipigia yeye. Niliitazama simu ikilia juu ya meza, Rumyana naye akiitazama. Alikuwa ameshaambiwa na mdogo wake.

"Basi linaweza kwenda miaka bila kuharibika," akasema, bila kuniangalia.

"Linaweza."

"Si lazima itokee tena."

"Si lazima."

Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

*

Ijumaa saa kumi na mbili kasoro nilikuwa nimesimama barabarani, kwenye kona ya kanisa. Sikuwa nimeamua neno lolote. Miguu tu ilinitoa kitandani. Safari hii haikunikataa.

Basi jeupe lilikuja likipanda polepole. Nyuma yake hewa ilikuwa na rangi. Kidogo tu, buluu hafifu, mtu asiyejua angesema ni ukungu.

Nilisimama katikati ya barabara, nikanyoosha mikono yote miwili.

Manol akafunga breki. Kioo kikashuka.

"We Stamen, umechoka kuishi? Panda, nafasi ipo!"

Ndani walikuwa watu saba. Mwalimu Tsonka amekaa mbele, mfuko wake mapajani. Nyuma yake Aishe, anakwenda kumuona baba yake, amebeba mtindi kwenye chupa. Akasogea dirishani, akapapasa kiti cha jirani.

"Njoo ukae hapa, Kaka Stamen. Baba amekuulizia. Anataka kukushukuru mwenyewe."

Injini ilikuwa inanguruma vizuri. Hiyo ndiyo balaa yake, inanguruma vizuri.

"Manol," nikasema, "zima gari."

"Kwa nini?"

Rumyana alikuwa amenifuata. Nilimsikia nyuma yangu, anahema, viatu vya nyumbani kwenye lami. Alinishika tu mkono wa koti, akauvuta kidogo.

"Kwa nini nizime?" Manol akarudia. "Tunachelewa, bwana. Kuna nini?"

Watu wote ndani ya basi walikuwa wananitazama. Aishe bado ameweka kiganja juu ya kile kiti.

Mwalimu Tsonka akavua miwani, akaishika mkononi.

"Stamen," akasema, "umeulizwa swali."